Malalamiko Mezani kwa Rais: Historia ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi

Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya Tanzania ilianza kazi katikati ya mwaka 1966, ikiwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika: ofisi ya serikali iliyoundwa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali hiyohiyo. Uingereza, iliyoitawala Tanganyika hadi Desemba 1961, ilikuwa haijawa na ofisi kama hiyo kwake. Iliipata mwaka 1967. Tume iliishi miaka 35. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliifuta, na mwaka uliofuata nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Habari zake ni habari za swali moja gumu la utawala: mtu aliyeonewa na mwenye cheo akamshitaki kwa nani, na huyo anayepokea shitaka ana ubavu wa kufanya nini.

Kushitaki wakubwa hakukuanza na Tume. Enzi za Wajerumani, kodi na kesi ndogondogo vilikuwa mikononi mwa maakida, wengi wao watu wa pwani waliopelekwa bara kusimamia watu wasio wa kwao. Aliyeonewa na akida alikwenda bomani, na huko alimkuta ofisa yuleyule aliyemteua akida na aliyeitegemea kodi iliyokusanywa naye. Ukali wa maakida, pamoja na kilimo cha lazima cha pamba, vimo katika sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Waingereza waliondoa maakida sehemu nyingi na kutawala kupitia machifu chini ya sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji. Chifu alikusanya kodi, aliamua kesi na kusimamia kazi za lazima, yote kwa pamoja. Malalamiko juu yake yalipanda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na yakibahatika kwa Gavana. Ngazi ilikuwapo, lakini kila aliyekaa juu yake alikuwa mwajiri au mwajiriwa wa mwenzake.

Mlango wa nje ulifunguka baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Wananchi waliruhusiwa kupeleka maombi moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini, na ujumbe wa Baraza hilo ulitembelea nchi kila baada ya miaka michache kusikiliza. Waliotumia mlango huo kwa kishindo ni Wameru. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na maeneo ya jirani ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akifuatana na wakili Earle Seaton, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa kueleza walivyotendewa. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata kura za kutosha katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi wakati huo. Hata hivyo shauri hilo liliwafundisha watu wa nchi nzima jambo ambalo vyama vya siasa vilikuja kulitumia vizuri: kwamba ofisa wa serikali anaweza kushitakiwa mahali asikokuwa na amri, na kwamba yeye naye atalazimika kujibu.

Uhuru uliufunga mlango huo, na ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa nchi huru haina mdhamini. Lakini wakati huohuo vyeo vipya vilizaliwa. Mwaka 1962 utawala wa majimbo wa kikoloni ulibadilishwa, wakawekwa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya walioteuliwa na Rais, wanasiasa waliokuwa pia makatibu wa chama tawala, TANU, katika maeneo yao. Mwaka 1963 machifu walifutwa kisheria. Mkuu wa wilaya wa mwaka 1964 alikuwa basi mtu mwenye mamlaka mengi na desturi chache za kumzuia. Hakuwa na wazee wa ukoo wa kumwonya kama chifu, wala hakulelewa katika utumishi wa serikali wenye kanuni zake kama Bwana Shauri. Zaidi ya hayo, sheria ilimpa uwezo wa kumweka mtu ndani kwa saa 48 pale alipoona amani iko hatarini.

Saa 48 hizo zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndimo tatizo zima lilimojificha. Kisheria zilikusudiwa kuzuia fujo hadi aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu. Kwa vitendo, ofisa aliyebishiwa mkutanoni, au aliyekerwa na mtu aliyechelewa kulipa kodi, au aliyeona mwananchi hakumwamkia ipasavyo, aliweza kuagiza asekwe rumande leo na atoke keshokutwa bila shitaka lolote. Hakukuwa na kesi, kwa hiyo hakukuwa na hukumu ya kukatia rufaa. Mtu alitoka, akarudi shambani kwake, na jambo likaishia hapo. Hatua ya aina hiyo haina pa kusahihishwa mahakamani isipokuwa kwa mwenye fedha na wakili, na mawakili karibu wote walikuwa Dar es Salaam na katika miji mikubwa michache.

Januari 1964, siku chache tu baada ya maasi ya askari, Rais Julius Nyerere aliteua tume ya kuangalia jinsi Tanganyika itakavyokuwa nchi ya kidemokrasia yenye chama kimoja. Mwenyekiti wake alikuwa Makamu wa Rais, Rashidi Kawawa. Wajumbe waliulizwa jinsi ya kupata Bunge, wagombea na uchaguzi bila vyama shindani, lakini ndani ya kazi hiyo lilijitokeza suala la raia wa kawaida: nchi ikiwa na chama kimoja, na serikali na chama vikawa kitu kimoja, nani atamtetea mtu mdogo dhidi ya ofisa? Njia moja ilikuwa kuandika Hati ya Haki ndani ya Katiba na kuwaachia majaji. Tume ya Kawawa iliikataa njia hiyo katika ripoti yake ya mwaka 1965. Ilihofu kwamba mahakama, ambazo majaji wake wengi wakati huo walikuwa wageni, zingeingia katika mvutano na serikali iliyotaka kubadili mambo kwa haraka. Badala yake ilipendekeza tume ya kudumu ya kuchunguza matumizi mabaya ya madaraka.

Wazo lilikuwa limetoka mbali. Sweden ilikuwa na ofisa wa Bunge wa kupokea malalamiko, aitwaye ombudsman, tangu mwaka 1809. Denmark ilimpata wa kwake mwaka 1955, na New Zealand mwaka 1962. Watanzania walilichukua wazo lakini hawakuchukua shina lake. Ombudsman wa Sweden au Denmark aliteuliwa na Bunge, akatoa taarifa kwa Bunge, na nguvu yake kubwa ilikuwa magazeti: ofisa aliyekosea alisomwa na nchi nzima. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 na Sheria Namba 25 ya mwaka 1966 ziliweka Tume iliyoteuliwa na Rais, iliyofanya kazi faraghani, na iliyopeleka matokeo yake kwa Rais.

Ni rahisi leo kuucheka mpangilio huo, lakini ulikuwa na hoja nzito nyuma yake. Mwaka 1966 Rais ndiye pekee aliyeweza kumhamisha, kumwonya au kumfukuza mkuu wa wilaya kwa sahihi moja. Bunge lilikuwa la chama kilekile na lilikutana kwa vipindi, na katika wilaya nyingi gazeti lilikuwa jambo la nadra. Aliyetaka ofisa achukuliwe hatua kesho, badala ya kuandikwa vibaya mwakani, alikuwa na sababu ya kuipeleka karatasi Ikulu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kila kitu kilitegemea mtu mmoja kuwa na nia na nafasi ya kusoma.

Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, mwalimu kutoka Muheza aliyewahi kuiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa na ambaye baadaye, kati ya 1973 na 1975, alikuwa Spika wa Bunge. Kuna kejeli kidogo, ambayo huenda ilikusudiwa, katika kumpa mtu wa jina la uchifu kazi ya kuwachunguza waliorithi mamlaka ya machifu. Yeye na makamishna wenzake wachache walipewa meno ya kutosha upande wa uchunguzi. Waliweza kumwita ofisa yeyote, kudai jalada lolote na kumhoji shahidi. Mkono wao uliwafikia watumishi wa serikali kuu, polisi, halmashauri, mashirika ya umma na hata viongozi wa chama. Hili la mwisho halikuwa dogo, maana katika nchi ya chama kimoja katibu wa TANU aliweza kumtesa mtu kuliko karani wa serikali.

Mipaka nayo ilikuwa wazi. Rais wa Jamhuri na kiongozi wa Serikali ya Zanzibar hawakuchunguzwa. Hukumu ya hakimu au jaji haikuguswa. Rais aliweza kuizuia Tume isione nyaraka fulani kwa ajili ya usalama wa taifa. Na Tume haikuweza kutengua uamuzi, kumlipa mtu fidia wala kumwadhibu ofisa. Iliweza kupendekeza tu.

Jambo ambalo Tume ililifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote cha wakati wake ni kumfuata mlalamikaji alipo. Kulalamika hakukuwa na ada, hakukuhitaji wakili, na hakukuhitaji kujua kuandika. Barua ilipokelewa iwe imepigwa chapa na mwandishi wa kulipwa au imekwaruzwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la shule. Makamishna walifanya safari za mikoani. Walipofika wilayani waliitisha kwanza mkutano wa hadhara kueleza Tume ni nini na si nini, kisha wenye malalamiko wakaingia mmoja mmoja kusema yao kwa mdomo, na karani akaandika. Hapo ofisa aliyezoea kuheshimika alilazimika kukaa nje akingoja kusikia amesemwa nini. Hata pale ambapo hakuna kilichothibitishwa, mwananchi aliyemwona mkuu wake akiitwa kujieleza alirudi nyumbani na picha tofauti ya serikali.

Mengi yaliyoletwa hayakuwa ya Tume. Watu walileta kesi walizoshindwa mahakamani, ugomvi wa mipaka ya mashamba na majirani, madai ya mirathi, na mambo ambayo hawakuwa wamejaribu kuyafikisha kwa mkubwa wa ofisi inayohusika. Makamishna walilazimika kueleza tena na tena kwamba hawakuwa mahakama ya juu. Kati ya yaliyowahusu kweli, kulikuwa na watu waliowekwa ndani ovyo, waliotozwa kodi mara mbili, waliopigwa na polisi, walionyimwa leseni bila sababu. Lakini kundi lililojitokeza mwaka hadi mwaka lilikuwa la ajira: kufukuzwa kazi bila kusikilizwa, kucheleweshewa kupandishwa cheo, na zaidi ya yote mafao.

Kisa cha mafao kilikuwa na sura yake ileile kila mahali. Mtumishi aliyestaafu, tuseme dereva wa idara ya ujenzi au mpishi wa hospitali ya wilaya, aliandika kuomba kiinua mgongo chake. Jibu lilikuja kwamba suala lake linashughulikiwa. Akaandika tena, akaambiwa jalada limepelekwa makao makuu. Akapanda basi hadi Dar es Salaam, akaelekezwa masijala, ambako alielezwa kuwa jalada halionekani, arudi kesho. Mara nyingi hapakuwa na mtu mbaya katika hadithi hii. Palikuwa na barua ya ajira ya mwaka wa zamani iliyokosekana, jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika karatasi mbili, na makarani watatu ambao kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Dhuluma ya namna hii haimtishi mtu kama ile ya rumande, lakini iligusa watu wengi zaidi, na hapa Tume ilikuwa na dawa. Barua yenye kichwa cha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ikimtaka katibu mkuu aeleze kwa nini fulani hajalipwa ilifanya jalada lionekane. Malalamiko mengi yaliisha hivyo, kwa barua kati ya ofisi na ofisi, bila kumfikia Rais kabisa.

Kilichokosekana ni hadhara. Taarifa ya Tume iliwasilishwa bungeni, ya kwanza ikihusu kipindi cha Juni 1966 hadi Juni 1968, lakini visa vilielezwa bila majina ya waliokosea. Mlalamikaji aliambiwa kwamba suala lake limechunguzwa. Alichoamua Rais juu ya ofisa husika kilibaki kati yao wawili. Usiri ulimlinda ofisa asiye na hatia na ulimpa Rais uhuru wa kuchukua hatua bila kelele, na ulimpa vilevile uhuru wa kutochukua.

Kazi ya Tume iliongezeka nchi ilipobadilika. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki, viwanda na makampuni makubwa yalitaifishwa, na duka, kiwanda na ghala vikawa ofisi za umma. Meneja akawa ofisa wa serikali wa kulalamikiwa. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau, ubadhirifu na ukandamizaji kwa anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kama sheria. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka katika viwanda kadhaa vya Dar es Salaam, na sababu zilizotajwa hazikuwa mshahara peke yake bali pia meneja anayetukana au anayetumia gari la shirika kama lake. Serikali iliyoandika ibara hiyo haikufurahi kuiona ikitumiwa hivyo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel waliokichukua kiwanda mikononi mwao walikamatwa. Malalamiko ya kuandika yalikaribishwa. Malalamiko ya kusimamisha mashine yalikuwa jambo jingine.

Mwaka 1972 serikali ilipeleka watumishi na bajeti mikoani kwa sera ya Madaraka Mikoani, na papo hapo ikazifuta halmashauri za wilaya. Diwani, ambaye kwa mapungufu yake yote alikuwa mtu wa kugongewa mlango usiku, akaondoka. Halmashauri hazikurudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa muongo mmoja, mtu wa kijijini aliyekosa maji au zahanati alikuwa na balozi wa nyumba kumi, chama, na barua kwa Tume. Kipindi hichohicho ndicho cha Operesheni Vijiji, ambapo mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine wakichomewa nyumba zao. Dhidi ya jambo kubwa hivyo lililoamriwa na wakuu wenyewe, tume ya kumshauri Rais haikuwa na la kufanya. Ilikuwa imeundwa kumshika ofisa aliyetoka nje ya mstari, na safari hii mstari wenyewe ndio uliopita juu ya nyumba ya mtu.

Tukio lililokumbukwa zaidi la uwajibikaji katika miaka hiyo halikupitia Tume kabisa. Katika kupeleleza mauaji ya vikongwe mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi mwaka 1976, wakawatesa, na baadhi wakafa mikononi mwao. Rais aliagiza uchunguzi. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na vivyo hivyo Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa walihukumiwa mahakamani mwaka 1980. Mwinyi hakumgusa mfungwa yeyote. Alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake, na kwa sababu hiyo kitendo chake kinatajwa hadi leo kila waziri anapotakiwa aachie ngazi. Mwaka 1985 alikuwa Rais.

Nchi nyingine za Afrika zilikuwa zikiangalia. Zambia, nayo ikiwa ya chama kimoja, iliweka tume ya namna hiyo katika Katiba yake ya mwaka 1973. Nigeria ilianzisha ya kwake mwaka 1975, chini ya serikali ya kijeshi. Uganda ilipata Inspekta Jenerali wa Serikali mwaka 1986, baada ya vita. Kenya ilishauriwa mapema, na Tume ya Ndegwa mwaka 1971. Ushauri wa Ndegwa wa kuwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara ulitekelezwa bila kusita. Ule wa kuanzisha ofisi ya malalamiko ulikaa kabatini miaka mingi, na tume kamili yenye sheria yake ilipatikana mwaka 2011.

Nyumbani, miaka ya 1980 na 1990 iliinyima Tume upekee wake. Hati ya Haki iliyokataliwa mwaka 1965 iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia Machi 1988 raia aliweza kuidai mahakamani. Kulibaki kizuizi: kuishitaki serikali kulihitaji kwanza kibali cha waziri, yaani mshitakiwa alimpa mshitaki ruhusa ya kumshitaki. Mahakama ya Rufani ilikiondoa kizuizi hicho mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ikisema kinapingana na Katiba. Upande wa rushwa kulikuwa na kikosi maalumu tangu 1975, kilichopewa jina la TAKURU mwaka 1991, na mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilieleza kwa kina jinsi mgonjwa, mshitakiwa na mzazi wa mwanafunzi walivyolazimika kulipia huduma iliyokuwa haki yao.

Pia kulikuwa na njia fupi. Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 1990, aliwasikiliza walalamikaji mwenyewe, foleni ikijaa nje ya ofisi yake, na kuwapa waliolalamikiwa siku saba wawe wamemaliza jambo. Siku saba za Mrema zikawa msemo wa mjini. Mambo yaliisha haraka, wakati mwingine kwa haki, na sheria iliyotakiwa kufuatwa ikaonekana kama usumbufu. Mtindo huo haukuondoka na Mrema. Baada ya 2015 Rais John Magufuli aliwasimamisha maofisa hadharani, jambo lililoitwa kutumbua majipu, na wananchi walijipanga kando ya barabara na mabango wakitumaini msafara utasimama. Mwenye bango na mwandishi wa barua wa 1966 walikuwa na imani moja, kwamba juu kabisa yuko mtu asiyejua yanayotendeka chini na atakasirika akijua. Tofauti ni kwamba barua ilichunguzwa kabla ya ofisa kuadhibiwa.

Mabadiliko ya kumi na tatu ya Katiba, mwaka 2000, yaliunganisha kazi ya zamani ya kuchunguza utawala na kazi mpya ya kulinda haki za binadamu. Sheria Namba 7 ya mwaka 2001 iliipa Tume mpya nguvu ambayo ile ya kale haikuwa nayo: mapendekezo yake yasipotekelezwa, jambo linaweza kupelekwa mahakamani. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga, ambaye mwaka 1999 kamati aliyoiongoza kuhusu maoni ya Katiba ilikosolewa hadharani na Rais Benjamin Mkapa, na aliyeteuliwa na Mkapa huyohuyo. Mengine yalibaki. Rais hachunguzwi, na Katiba inamruhusu kuipa Tume maelekezo akiona maslahi ya taifa yanadai hivyo.

Nguvu mpya ilijaribiwa mapema. Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa na viongozi wa wilaya na polisi, nyumba na mazao yao yakachomwa moto, serikali ikidai kwamba walikuwa ndani ya Pori la Akiba la Ikorongo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kililipeleka jambo hilo mbele ya Tume kwa niaba ya walalamikaji 135. Desemba 2004 Tume iliona kwamba haki za watu hao zilikiukwa, ikapendekeza walipwe fidia na warudishwe kwenye ardhi yao. Serikali ilikataa. Chini ya sheria ya 1966 kisa kingeishia hapo, katika jalada ambalo hata walalamikaji wasingeliona.

Kituo kilikwenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, kikaambiwa kwamba mapendekezo ya Tume hayawezi kutekelezwa na mahakama hiyo. Kikakata rufaa, na katika Rufaa ya Madai Namba 88 ya mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikaamua kinyume: uchunguzi wa Tume si ushauri wa kupokelewa au kutupwa kwa hiari ya anayelaumiwa, na mahakama inaweza kuombwa iutekeleze. Kwa uamuzi huo, ofisa wa wilaya aliyechunguzwa na Tume anaweza kujikuta akijibu mbele ya jaji, kwa jina lake na kwa kumbukumbu zilizo wazi kwa yeyote. Lakini hukumu ilihusu njia ya kupita tu. Iliwapa watu wa Nyamuma nafasi ya kuanza upya kudai fidia yao katika Mahakama Kuu, miaka kadhaa baada ya nyumba kuungua.